Gari la kwanza la mbio za rimoti kwa mtoto: TT-02, Slash au Mini-Z?

Kabla hujalinganisha gari na gari, jiulize mtoto atakimbizana na nani, na kwenye uwanja wa aina gani. Wazazi wengi wanaoniuliza huwa wameshaanza na bei: wameona gari mtandaoni, limewapendeza, wamelipa, kisha wamefika klabuni na kukuta daraja la gari hilo, yaani kundi la mbio linalolipokea, halipo. Ni kama kushona sare kabla mtoto hajapangiwa shule.

Hapa Uingereza ninapoishi, mbio za magari ya umeme ya rimoti huendeshwa na klabu ndogondogo, nyingi zikiwa chini ya chama cha taifa kiitwacho BRCA (British Radio Car Association). Majira ya baridi klabu hukodi ukumbi wa shule au wa michezo, hutandika kapeti sakafuni, hupanga mipaka ya njia, na jioni mbio zinaanza. Kiangazi baadhi huhamia nje kwenye nyasi bandia, udongo au lami. Kila klabu ina madaraja yake. Moja inakimbiza TT-02, gari la Tamiya la kuunda mwenyewe, na magari mafupi ya umbo la Mini, nyingine haina chochote ila bagi za kurukia matuta, nyingine ni Mini-Z tupu, vigari vya kukaa kiganjani. Kwa hiyo nenda jioni moja mikono mitupu, ukiwa na mtoto. Tazama magari ya aina gani yamejaa mezani, kisha muulize anayeandikisha majina: anayeanza hapa huanza na gari gani? Ukijibiwa wazi, umeshapata nusu ya unachotafuta.

Yanayofuata nawaandikia wale ambao klabu yao inapokea aina zaidi ya moja, na wale ambao hawana klabu karibu kabisa, wakiwamo ndugu zetu wengi walioko nyumbani Afrika Mashariki.

Gari la kuchezea liwekwe kando

Gari la rimoti la pauni 20 kutoka dukani linafurahisha siku ya sikukuu na sina ugomvi nalo, ila halifundishi mbio. Usukani wake mara nyingi una hali tatu tu: kushoto kabisa, kulia kabisa, au moja kwa moja. Mtoto hawezi kujifunza kuilainisha kona kwa gari lisilojua kukata nusu. Gari la mbio hufuata kidole. Ukivuta kidogo linakwenda kidogo, ukizungusha usukani robo magurudumu yanageuka robo. Tofauti ya pili ni spea. Gari la kuchezea likivunjika jino moja la gia limekwisha, lakini la mbio kila kipande kina namba yake na kinauzwa peke yake.

Kuna na suala la mawimbi. Rimoti za sasa hutumia gigahezi 2.4, na kila gari husikia rimoti yake pekee, hivyo magari kumi yanakimbia pamoja bila kuingiliana. Zamani, enzi za megahezi 27 na 40, kila dereva alikuwa na kristali ya chaneli yake, na wawili wenye chaneli moja hawakuweza kuwasha kwa wakati mmoja. Mtu akikupa gari la miaka hiyo, lenye rimoti ya antena ndefu ya kuvuta, lipokee kwa shukrani, kisha badilisha rimoti na kipokezi chake kabla ya kulipeleka mbioni.

TT-02: gari ambalo mtoto analiunda

Tamiya ni kampuni ya Shizuoka, Japani, iliyotoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, Porsche 934. TT-02 ilitoka 2013, na mpaka leo ndiyo chasisi ambayo ningemkabidhi mtoto wa miaka tisa au kumi aliye na mtu mzima wa kukaa naye mezani. Ukubwa wake ni moja ya kumi ya gari halisi. Magurudumu yote manne yanavuta, nguvu ikipita kwenye shafti ya katikati kwenda difu ya mbele na ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Na inauzwa ikiwa vipandevipande ndani ya boksi.

Wazazi wengi huona hiyo ni kasoro. Kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuichagua. Mtoto aliyeunda difu kwa mikono yake, akaipaka girisi, akaona zile gia ndogo za umbo la koni zinavyoliachia gurudumu la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani, siku gari likimteleza konani ana mahali pa kuanzia kufikiri. Na gari litakapogonga ukingo, maana litagonga, hababaiki. Anajua mkono wa sasipensheni umeshikwa na skrubu zipi na zinafunguliwa kwa mpangilio gani. Aliyepewa gari zima atakuletea wewe, na wewe utampelekea jirani wa meza ya pili.

Kijitabu chake kinaeleweka kwa picha hata kwa mtoto ambaye bado anasoma kwa kusitasita. Mifuko ya skrubu ina herufi, na kila skrubu imechorwa kwa ukubwa wake halisi. Mtoto anailaza juu ya mchoro, zikilingana ndiyo yenyewe. Mpeni wikiendi mbili au tatu bila kumharakisha, na mkono wako usiingie mpaka auombe.

Vifaa vya kazi viwe sahihi. Vichwa vya skrubu za Tamiya ni vya kipimo cha Kijapani, JIS, na bisibisi ya nyota ya kawaida huvila taratibu mpaka siku moja skrubu haifunguki tena. Skrubu nyingi hujichimbia njia zenyewe ndani ya plastiki, kwa hiyo ikishakaza mtoto aache hapo, kwani akiongeza nusu mzunguko tundu limekufa. Bodi ni ganda jepesi la polikaboneti lililo wazi kama kioo, na rangi hupulizwa kwa ndani, madirisha yakiwa yamezibwa kwa vibandiko. Nunua rangi iliyoandikwa PS. Iliyoandikwa TS ni ya plastiki ngumu, na kwenye polikaboneti itabanduka kwa pigo la kwanza. Tamiya imewahi kutoa bodi za Subaru Impreza za rali, kwa hiyo mtoto aliyelelewa na simulizi za Safari Rally anaweza kukimbiza gari ambalo baba yake alilisimamia barabarani kulisubiri.

Sasa upungufu wake. Boksi halina rimoti, halina sevo (kile kimota kidogo kinachogeuza magurudumu ya mbele), halina betri wala chaja. Kidhibiti mwendo mara nyingi kimo, ila soma ubavuni mwa boksi uhakikishe. Gari lenyewe hapa huwa kati ya pauni 100 na 150, na vitu hivyo vingine vinaweza kukaribia kuirudufu hesabu hiyo. Toleo la kawaida huzungusha magurudumu juu ya bushi za plastiki. Nunua seti ya beringi siku hiyohiyo na uziweke wakati wa kuunda, kwa sababu kuzibadilisha baadaye ni kulifumua gari lote. Shokapu za toleo la msingi hazina mafuta ndani, zinategemea msuguano, hivyo gari hudundadunda. Hilo linaweza kusubiri miezi. Lisiloweza kusubiri ni sakafu: tumbo la TT-02 liko chini sana, na makazi yake ni kapeti au lami laini. Ukiipeleka kwenye changarawe utamvunja mtoto moyo.

Slash: gari la vumbi

Traxxas ya Texas ilitoa Slash mwaka 2008, kwa mfano wa zile pikapu za Marekani zinazokimbizwa kwenye viwanja vya udongo vyenye matuta. Nayo ni ya kipimo cha moja ya kumi, lakini ukiiweka karibu na TT-02 inaonekana ya kaka yake mkubwa: urefu sentimita 57 hivi, matairi mapana, shokapu ndefu zenye mafuta. Toleo la kuanzia husukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Huja ikiwa imeunganishwa, na rimoti yake ndani ya boksi. Kuhusu betri na chaja, matoleo yanatofautiana, kwa hiyo uliza.

Uzuri wake ni ustahimilivu. Bodi inafunika magurudumu na bampa zimetoka mbele na nyuma, hivyo magari mawili yakigusana hayashikani tairi kwa tairi, bali yanasukumana na kuachiana. Vifaa vya umeme vimekingwa maji, kwa hiyo dimbwi la mvua haliui gari. Na kuna kitu kimoja ambacho natamani kila gari la mtoto lingekuwa nacho: kidhibiti mwendo chake cha XL-5 kina hali ya mafunzo inayokata nguvu hadi asilimia 50. Unaiwasha kwa kubonyeza kitufe kimoja, unampa mtoto gari tulivu, na akishaacha kugonga unaifungua.

Usiidharau kasi ya Slash iliyofunguliwa. Gari la kilo mbili na zaidi likikupata kwenye kifundo cha mguu utachechemea wiki nzima, na mtoto mdogo aliyechuchumaa karibu na njia yuko usawa wa bampa. Kwa hiyo wadogo wasimame nyuma ya kitu kigumu, na dereva asimame juu ya kitu, hata kreti ya soda, aone uwanja wote.

Ukumbini Slash haina raha. Ni kubwa kwa njia nyembamba, ni ndefu kwa kimo, na kwenye kapeti linaloshika sana hubiringika konani. Klabu nyingi za ndani haziipokei. Marekani hali ni nyingine, na huko viwanja vingi vya udongo vimekuwa na daraja la Slash za kawaida zisizobadilishwa chochote, daraja lililoingiza familia nyingi mchezoni.

Mini-Z: sebule ikiwa uwanja

Kyosho, kampuni nyingine ya Japani, ilianzisha Mini-Z mwaka 1999. Kipimo ni moja ya ishirini na nane, gari linakaa kiganjani, na linatumia betri nne ndogo za AAA. Ukinunua seti kamili unapata gari, bodi iliyokwisha kupakwa rangi na rimoti. Klabu hupanga uwanja kwa vipande vya povu vinavyopachana, na uwanja wa mbio kweli, wenye kona za kubana na za kufunguka, unaingia kwenye chumba kimoja.

Kwa mtoto wa miaka sita au saba hili ndilo jibu langu. Likigonga halina uzito wa kuvunja kitu. Betri zake ni zile za kuchaji za AAA ambazo mtoto mwenyewe anaweza kuzitoa na kuzirudisha. Na halisamehi uzembe wa vidole: ukikata usukani kwa pupa linazunguka palepale, kwa hiyo linafundisha ulaini mapema kuliko magari makubwa. Binti yangu alianza na Mini-Z akiwa mdogo, akahamia TT-02 alipoweza kushika bisibisi bila kusaidiwa, na mkono ule mwepesi wa Mini-Z alihama nao.

Adui yake ni nywele na nyuzi. Zulia la nyumbani lenye manyoya halifai, gari halipandi, na nyuzi hujisokota kwenye ekseli mpaka mota inaungua. Spea ni ndogo mno, skrubu ikidondoka sakafuni umeipoteza. Pia usidhani udogo ni urahisi wa bei, kwani seti kamili ya Mini-Z haiko mbali na bei ya TT-02 isiyo na vifaa.

Na yale ya bei nafuu kutoka China?

Swali hili haliepukiki, hasa kuhusu WLtoys 144001. Ni gari la kipimo cha moja ya kumi na nne, lina chasisi ya metali, mota ya ukubwa wa 550, betri ya lipo (ya lithiamu) na rimoti, yote kwa bei ambayo Tamiya haigusi. Kama gari la kukimbiza uwanjani na binamu, thamani yake ni kubwa na spea zinapatikana kwa wingi mtandaoni. Ila mtengenezaji analitangaza kwa kilomita 60 kwa saa, na kwa mtoto anayeanza hiyo ni sababu ya kuliacha. TT-02 na mota yake ya kawaida ya 540 inakwenda chini ya nusu ya hapo, na mtoto wangu hajawahi kulalamika kwamba ni polepole siku anapokimbizana na wenzake. Kasi ya upweke huchosha haraka kuliko ushindani wa polepole. Tena ni klabu chache zenye daraja la kipimo hicho.

Ningechagua hivi

Una klabu ya ukumbini inayokimbiza TT-02, na mtoto ana miaka tisa kwenda juu: TT-02, bila kusita. Mtoto ana chini ya hapo, au mnaishi ghorofani bila uwanja: Mini-Z, mradi kuna sakafu laini. Hakuna klabu kabisa, na uwanja mlio nao ni udongo, nyasi fupi au barabara ya murramu: Slash, ikiwa kwenye hali ya mafunzo. Klabu inakimbiza bagi tu: tafuta bagi ya magurudumu mawili ya kusukuma iliyotumika kutoka kwa mwanachama anayepanda daraja, na mwombe awe wa kwanza kuitengeneza nanyi. Bagi ndizo kiini cha mchezo huu tangu miaka ya 1980. Team Associated ilitoa RC10 mwaka 1984, na mwaka uliofuata gari hilo likashinda mashindano ya kwanza ya dunia ya kipimo cha moja ya kumi nje ya lami, California. Lakini bagi mpya ya kiwango hicho ina marekebisho mengi kuliko anayoyahitaji mtoto.

Jambo moja sitalilegeza: usimnunulie mtoto mota isiyo na brashi kwa sababu muuzaji amesema ataihitaji baadaye. Mota ya brashi ya 540 ni rahisi, ni laini kwenye gia, na kwenye madaraja mengi ya wanaoanza ndiyo inayolazimishwa ili wote walingane. Baadaye itafika yenyewe.

Betri: hapa mzazi asisinzie

Uchaguzi ni wa aina mbili. Za nikeli, zilizoandikwa NiMH, zina seli sita za volti 1.2, jumla volti 7.2. Ni nzito, nguvu yake hushuka kidogokidogo mbio zikiendelea, lakini zinavumilia kusahauliwa. Lipo ya seli mbili ni volti 7.4, ikijaa inafika 8.4, ni nyepesi na inatoa nguvu ileile karibu hadi mwisho. Karibu kila mshindani mzoefu anatumia lipo. Mimi bado namwanzishia mtoto na NiMH, na sababu yangu ni hasira ya lipo.

Lipo ikishuka chini ya volti 3 kwa kila seli inaharibika, na ikichajiwa baada ya kuharibika inaweza kuvimba na kuwaka. Kidhibiti mwendo cha Slash kina ulinzi unaokata nguvu kabla ya hapo, na taa yake ikiwa ya kijani ulinzi umewashwa. Vidhibiti vingine havina, na humo lazima ufunge kengele ndogo ya volti kwenye plagi ya betri. Mkifikia kutumia lipo, chaja iwe ya lipo na iwekwe hali ya lipo yenye kusawazisha seli. Mkondo usizidi ukubwa wa betri: ya mAh 3000 ichajiwe kwa ampea 3, itajaa ndani ya saa moja hivi. Chajini ndani ya mfuko usioshika moto, juu ya kigae au saruji, mtu mzima akiwa chumbani. Nasema chumbani, maana jikoni huku chaja iko sebuleni hakuhesabiki. Betri iliyovimba hairudi garini hata kama inafanya kazi. Na gari lisipotumika wiki nzima, lipo ihifadhiwe kwenye volti 3.8 kwa seli, wala isikae imejaa.

Mfundishe mtoto mpangilio wa swichi tangu siku ya kwanza: rimoti huwashwa kwanza, gari baadaye, kuzima ni kinyume chake. Gari lililowashwa bila rimoti linaweza kuondoka lenyewe.

Mazoezi, kisha jioni ya kwanza klabuni

Ugumu wa kwanza ambao kila mtoto hukutana nao ni gari linapomjia. Likienda, kulia ni kulia. Likirudi kumwelekea, kulia kwake kumekuwa kushoto kwa macho ya dereva. Hakuna maelezo yanayotibu hili, ni mazoezi tu. Weka chupa mbili za maji umbali wa hatua kumi, mtoto asimame pembeni, aendeshe umbo la nane kuzizunguka, taratibu kabisa. Akiweza mizunguko kumi bila kugusa chupa, sogeza chupa karibu. Saa imo mfukoni mwako, usiitoe. Mtoto anayepimwa muda mapema hujifunza kugonga kwa kasi.

Klabuni, jioni hugawanywa kwa raundi za kufuzu kisha fainali. Mbio moja kwa kawaida ni dakika tano. Chini ya njia kuna waya, na kila gari hubeba transponda inayohesabu mizunguko likipita juu yake. Klabu nyingi huazima transponda kwa wageni, uliza kabla hujanunua. Fainali hupangwa kwa matokeo: wenye kasi fainali A, wanaofuata B, na kuendelea chini. Ndiyo maana mtoto mpya hajikuti akipitwa usiku kucha, kwa kuwa fainali yake inajaa watu wa mwendo wake, na kati yao kuna wazee wenye miaka mingi mchezoni. Umri hauna uzito hapa. Masami Hirosaka wa Japani alitwaa taji lake la kwanza la dunia mwaka 1987, huko Romsey, Uingereza, akiwa kijana wa miaka 17.

Kinachowashangaza wazazi wapya ni zamu ya konani. Ukimaliza mbio zako, huendi kunywa chai. Unasimama kwenye kona uliyopangiwa na kuinua magari yanayopinduka katika mbio zinazofuata. Mtoto avae viatu vya kufunika vidole. Atazame upande magari yanakotoka, asubiri njia iwe wazi, ainue gari, alielekeze mbele na arudi mahali pake. Kulitengeneza si kazi yake. Akiwa mdogo sana, mzazi humsimamia zamu hiyo. Kukwepa zamu ndiyo njia ya haraka ya kujiharibia jina klabuni, kwa mtoto na kwa mzazi.

Na mzazi kwenye jukwaa la madereva: nyamaza. Ukimpigia kelele "kata! kata!" unamwondoa macho kwenye gari. Simama nyuma yake, na mbio zikiisha muulize kona gani ilimsumbua. Atakuonyesha kwa kidole, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia.

Kama gari linakwenda Dar, Mombasa au Kampala

Wengi wetu tunatuma kwa mkono wa msafiri. Boksi la TT-02 ni rahisi kubeba, plastiki na skrubu tu, na chaja ya Uingereza inaingia moja kwa moja kwenye soketi za Tanzania, Kenya na Uganda kwa sababu plagi ni ileile ya meno matatu bapa. Lipo ndiyo yenye masharti. Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, hubebwa kwenye begi la mkononi, ncha zake zimezibwa, na kila moja isizidi saa-wati 100. Hesabu ni nyepesi: betri ya mAh 5000 ni saa-ampea 5, na volti 7.4 mara 5 ni saa-wati 37, kwa hiyo betri ya gari hili inapita, ingawa shirika la ndege linaweza kuweka kikomo cha idadi. NiMH haina usumbufu wa kiasi hicho, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza nayo huko nyumbani.

Uwanja wenyewe unaweza kutengenezwa kwa mipira ya maji iliyochakaa, iliyolazwa chini kuchora njia kwenye udongo uliofagiwa mawe. Magari mawili yanatosha kuwa mbio, kwa hiyo ukiweza mshawishi mzazi mwenzako anunue aina ileile, spea mtagawana. Nafasi iliyobaki kwenye begi la msafiri ijazwe na vinavyovunjika mara nyingi: mikono ya mbele ya sasipensheni seti mbili, gia ya plastiki inayoshikana na ya mota, klipu za bodi, matairi ya ziada, na bisibisi ya JIS, maana hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kupatikana madukani.